Sumaku Ndani ya Jagi la Maji



Wapenzi wasomaji, juma hili tumepokea swali kutoka kwa dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Meru. Asema wanawe waliokota sumaku ya spika iliyovunjika, wakaiburura katika mchanga wa ukingo wa mto Kathita, nayo ikatoka imeota ndevu nyeusi. Jirani alipoyaona hayo akamshauri aitumbukize sumaku hiyo usiku kucha katika jagi la maji ya kunywa. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kinachovuta uchafu wa mtoni hakishindwi kuvuta uchafu wa jagi, na hivyo makaa ya kuchemshia maji yatasalimika. Dada ana mtoto wa miezi minane. Auliza kama ni kweli.

Si kweli, na tunamwomba asiache kuchemsha maji hata siku moja. Sumaku haivuti vijidudu vya kuhara, haivuti chumvi, wala haivuti dawa za shambani zinazoteremka na mvua kutoka kwenye mashamba ya chai na kahawa. Akiitegemea, atampa mtoto maji yale yale ya mtoni huku moyo wake umetulia, na kutulia huko ndiko kunakotutia hofu.

Hata hivyo swali lake limegusa jambo ambalo wataalamu wamelishughulikia kwa bidii kwa zaidi ya miaka 20: namna ya kuitumia sumaku kweli kweli katika kusafisha maji. Kazi hiyo ipo na ni ya kupendeza. Ila si kazi ya jagi la jikoni, na sababu zake zafaa kujulikana na kila mwenye kupima maji kwa kikombe kabla ya kumnywesha mtoto.

Tuanze na zile ndevu nyeusi. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, ni volkano iliyozimika zamani sana. Miamba yake imetokana na uji wa moto uliopoa, na ndani yake mna madini ya chuma yaitwayo magnetaiti, meusi, mazito, yenye kuvutwa na sumaku bila shida. Mvua huimomonyoa miamba hiyo, mito huibeba, na pale maji yanapopunguza mwendo, mchanga mweusi hutua penye kona na chini ya mawe kwa sababu ni mzito kuliko mweupe. Hii ndiyo mito ya Meru na Embu: Kathita, Mutonga, Thuchi, Rupingazi, na mingine mingi ambayo hatimaye huingia katika mto Tana. Basi msomaji wa Kipini au Garsen asidhani habari hii ni ya watu wa bara peke yao. Maji yanayompitia mlangoni yamewahi kupita Meru na Embu.

Wazee wa huko waliujua mchanga huo kabla ya sumaku za spika. Wahunzi, ambao kwa lugha za jamii zinazouzunguka mlima huitwa aturi, waliuosha mchanga mweusi mpaka ukabaki ulio mzito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakapata chuma cha majembe, visu na mikuki. Kuosha huko kulikuwa ni kutenganisha kwa uzito. Nasi wa Pwani tumekuwa na mfano wa kutenganisha kwa sumaku karibu na nyumbani: huko Kwale, tangu mwaka 2013 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024, mchanga wenye titani ulipitishwa katika mitambo ambayo, miongoni mwa hatua zake, ilitumia sumaku kali kulitenga dini moja na jingine. Vijana wetu kadhaa wamefanya kazi hiyo.

Sasa, dada yetu ameongeza jambo la pili katika barua yake, nalo ndilo lililotushika zaidi. Wifi yake aishi upande wa Mbeere, katika kaunti ya Embu, ambako ni nyanda kavu na watu hutegemea visima virefu vya pampu. Maji yake hutoka safi kama kioo, kisha yakikaa ndooni kwa saa chache hugeuka rangi ya kutu na kuzitia kanzu madoa. Waliitia sumaku katika ndoo hiyo. Haikushika kitu. Ikiwa rangi ile ni chuma, kwa nini sumaku isikivute?

Swali hili ni zuri kuliko la kwanza. Chuma si kitu kimoja katika hali zake zote. Kilichomo katika maji yanapotoka ardhini kimeyeyuka kabisa, kama sukari katika chai, na hakuna sumaku ya nyumbani inayoweza kukitoa. Maji yakikutana na hewa, chuma hicho hushikana na oksijeni na kuwa kutu laini ya rangi ya matofali. Kutu hiyo, ijapokuwa ni mtoto wa chuma, haikurithi mvuto wake. Sumaku huivuta kwa udhaifu mno hata haionekani. Magnetaiti nayo imejengwa kwa chuma na oksijeni vilevile, lakini kwa mpangilio mwingine, na mpangilio huo ndio unaoipa tabia yake. Kwa hiyo ndevu nyeusi za Kathita na maji mekundu ya Mbeere ni ndugu wa mbali, na sumaku huwatofautisha pale pale.

Hapa ndipo ilipoingia hila ya wataalamu. Ikiwa uchafu wenyewe hauvutwi na sumaku, basi upewe kitu kinachovutwa ili kiubebe. Fikirini punda wa Lamu. Mzigo hautembei wenyewe katika vichochoro; hupandishwa juu ya punda, kisha punda huongozwa kwa kamba. Magnetaiti ndiyo punda, sumu iliyomo majini ndiyo mzigo, na sumaku ndiyo kamba. Wataalamu hutengeneza chembe ndogo sana za magnetaiti, huzitia katika maji machafu, huzisubiri zishikane na sumu, kisha huleta sumaku na kuzitoa chembe pamoja na mizigo yake.

Neno «ndogo sana» lahitaji kipimo. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita elfu nyingi, pengine 80,000. Chembe tunazozizungumzia huwa 10, 20 au 50 tu. Kwa nini zifanywe ndogo hivyo? Kila mpishi ajua kwamba tangawizi nzima ikitiwa katika chai haitoi ladha kama iliyotwangwa, maana iliyotwangwa imefungua nyuso nyingi zaidi za kugusana na maji. Sumu hushikamana na uso wa chembe, si tumbo lake, na kijiko kimoja cha chembe za nanomita kina nyuso ambazo gunia la kokoto haliwezi kuwa nazo.

Kisa kilichoifanya kazi hii ijulikane ni cha Bangladesh, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Tangu miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni ili waepukane na maradhi ya maji ya madimbwi. Nia ilikuwa njema, na vijidudu vilipungua. Lakini katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba visima vingi vina aseniki, sumu ya asili iliyomo ardhini, isiyo na rangi wala harufu. Makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa kila siku. Shirika la Afya Duniani lashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita moja. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na sumu hubaki.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Houston, Marekani, miongoni mwao Vicki Colvin na Cafer Yavuz, walieleza katika jarida la Science jinsi walivyotumia chembe za magnetaiti za nanomita 12 kuishika aseniki na kuitoa majini kwa sumaku isiyokuwa kali. (Yavuz baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah, kaskazini mwa Jeddah.) Watafiti hao walionyesha pia kwamba chembe za aina hiyo zaweza kupikwa kwa vitu vya kawaida, kutu na mafuta ya kula, wakitarajia kwamba siku moja vijiji maskini vitajitengenezea vyenyewe.

Kilichowashangaza wengi katika taarifa yao hakikuwa kuishika aseniki, kwani ilikuwa imejulikana kwamba kutu huipenda aseniki. Mshangao ulikuwa katika kuzitoa chembe zenyewe. Na hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye uzito wa mambo yote haya.

Eneo linaloizunguka sumaku, ambamo nguvu yake huhisika, wanafizikia huliita uga wa sumaku. Yaweza kudhaniwa kwamba chembe ikishaingia katika uga huo imekwisha kukamatwa. Sivyo. Mvuto juu ya chembe hutegemea ujazo wake. Chembe ikipunguzwa kipenyo kwa nusu, mvuto haubaki nusu, hubaki sehemu moja kati ya nane. Na chembe ya nanomita 12 huishi katika msukosuko usiokoma, kwa kuwa molekuli za maji huigonga kutoka kila upande. Ni kama kumvuta mtoto kwa mkono katika umati wa Maulidi ya Lamu. Nguvu yako ikiwa ndogo, umati ndio utakaoamua aende wapi. Kwa hesabu hiyo ilionekana kwamba chembe ndogo namna ile zingehitaji sumaku kubwa na ghali za viwandani. Kumbe zikiwa ndani ya uga, chembe hugeuka kila moja sumaku ndogo, zikavutana zenyewe kwa zenyewe na kuungana. Zikiungana huwa kubwa, na zikiwa kubwa huvutwa. Uga ukiondolewa, chembe za ukubwa huo hazibaki na usumaku wake.

Kuna sharti jingine ambalo jirani wa Meru hakulijua. Chembe haisukumwi kwenda popote kwa kuwamo tu ndani ya uga. Husogea pale ambapo uga una nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na nguvu ya sumaku hupungua kwa haraka kadiri mtu anavyojitenga nayo. Katika jagi, maji yaliyo umbali wa vidole vinne kutoka kwa sumaku ya spika ni kama hayajui kuwa sumaku ipo. Viwanda vimelitatua hilo kwa ujanja mzuri: bomba hujazwa nyuzi nyembamba za chuma, kama zile za kusugulia sufuria, likawekwa ndani ya sumaku kubwa. Kila uzi huukusanya uga penye ukingo wake, na chembe zinazopita hunaswa hapo. Sumaku ikizimwa, nyuzi husuuzwa kwa maji na kazi huanza upya. Njia hii imetumika tangu miaka ya 1970 kuondoa madoa ya chuma katika udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri na karatasi.

Basi tazameni mvutano uliopo. Chembe ikiwa ndogo zaidi hushika sumu zaidi, na papo hapo huwa ngumu zaidi kuitoa. Punda akipotea katika vichochoro, amepotea na mzigo mgongoni. Maji yakiwa na udongo laini au mabaki ya majani, kama yalivyo ya mito yetu wakati wa masika, vitu hivyo huzivika chembe na kuzizuia zisiungane, zikaelea kwa siku nyingi zaidi ya zilivyofanya katika chupa safi ya maabara. Na jicho halitoshi kuwa shahidi. Maji yanaweza kuonekana meupe, nawe ukimulika tochi katika chumba chenye giza ukauona mwali ukichora mstari ndani ya glasi, ishara kwamba kuna vitu vinavyoelea. Hata mstari usipoonekana, hiyo si hati ya usafi. Ni maabara tu ipimayo chuma kilichobaki iwezayo kusema.

Je, zikibaki zina madhara gani? Chuma kidogo si sumu kwa mwili. Twakila katika mchicha na maini. Lakini chembe zilizobeba aseniki si chuma tu. Tena mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza ubongo wa marehemu 37 kutoka Mexico City na Manchester, wakakuta humo chembe za magnetaiti ambazo umbo lake lilifanana na zile zitokazo katika moshi wa magari na viwanda. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba chembe hizo ndizo zilizosababisha maradhi, wala haukuhusu maji ya kunywa. Umetosha hata hivyo kuwafanya wataalamu waangalifu wasikubali kusambaza chembe hizi majumbani kabla ya kuhakikisha kwamba zilizotiwa majini zimetoka zote. Twaona wana haki. Anayekutia kitu katika maji ili akusafishie ana dhamana ya kukitoa.

Kazi yenyewe inaendelea, na si kwa aseniki pekee. Mwaka 2019 kijana wa Ireland, Fionn Ferreira, alishinda tuzo kuu ya Google Science Fair kwa kuonyesha kwamba mafuta ya mboga yaliyochanganywa na unga wa magnetaiti hushikamana na vipande vidogo vya plastiki majini, kisha vyote vikatolewa kwa sumaku. Watafiti wengine wanajaribu chembe kama hizo kwa floraidi, ile inayopaka meno rangi ya kahawia katika Bonde la Ufa na katika Meru nyingine, ile ya Arusha chini ya mlima Meru, ambayo wasomaji wetu wa Tanzania waijua vyema.

Wapo pia, na hili lasikitisha, wauzaji wanaopita na sumaku za kufungwa juu ya bomba kwa nje, wakidai kwamba maji yakipita hapo hutoka yametakasika. Baada ya maelezo yaliyotangulia msomaji ataona mwenyewe kasoro ya madai hayo: hakuna kilichotiwa cha kubeba uchafu, wala hakuna mahali unaponaswa. Maji huingia na hutoka vilevile, na kilichopungua ni pesa.

Dada aliuliza pia, kwa haya, ikiwa maji yale mekundu ya wifi yake yafaa kwa udhu. Mashekhe wetu wa madhehebu ya Shafii wameeleza kwamba maji yaliyobadilika kwa vitu vya mahali yanapokaa au yanapopita, kama udongo au madini ya ardhi, hubaki katika utohara wake. Kwa hiyo wifi asiache kutawadha kwa ajili ya rangi hiyo. Ila tohara na usalama wa kunywa ni mambo mawili. Maji yaweza kumtosheleza mtu kwa swala na yasimfae tumboni mwa mtoto.

Kwa maji hayo ya Mbeere dawa ni hewa na subira. Yamwagwe kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, kwa urefu, yachanganyike na hewa. Yaachwe usiku kucha kutu itue. Kisha ya juu yachotwe taratibu na yachujwe kwa mchanga safi. Baada ya hapo, na si kabla, yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chuma kinapozidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa nguo na kubadilisha ladha, na chai huwa nyeusi isiyopendeza kwa sababu majani ya chai na chuma havielewani. Kanzu zilizokwisha kupata madoa zisitiwe jiki, kwani jiki huyakaza madoa ya kutu. Zipakwe maji ya ndimu na chumvi, zianikwe juani kidogo, zisuuzwe.

Kuhusu ile sumaku ya spika, kubwa na nzito, watoto wakubwa waachiwe wachezee mchanga, wanajifunza. Zile ndogo ndogo zenye kung'aa, kali mno, zitokazo katika vidude vya kuchezea na vifaa vya simu, zisiachwe karibu na mtoto mchanga hata kidogo. Mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo, zikaubana utumbo baina yake na kuutoboa. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali saa ile ile, bila kusubiri dalili.

Na mwenye kisima kipya, awe Embu, Meru au Kilifi, asikisie kwa rangi wala kwa sumaku. Apeleke sampuli katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyoko Nairobi na Mombasa, na kabla ya kuchota aulize aina ya chupa inayotakiwa na muda ambao maji hayapaswi kuzidi njiani. Aombe yapimwe chuma, floraidi na vijidudu, kila kimoja kwa jina lake, kwa sababu kipimo cha kimoja hakisemi lolote juu ya kingine.